Rehema Isiyo na Elimu: Neno Juu ya Paka na Dawa za Viroboto

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanaadamu akampa akili, na akamuumba mnyama akamweka chini ya mkono wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa Voi swali ambalo huenda likawachekesha wale wanaodhani kwamba dini ni mambo ya msikitini tu. Wameuliza hivi: Mtu ana paka nyumbani kwake, na paka huyo amejaa viroboto. Mtu akaenda dukani akanunua dawa ya viroboto, akamdondoshea paka shingoni, na nia yake ni njema, kumwondoshea adha. Usiku haujesha, paka akaanza kutetemeka, mate yakamtoka, akaanguka na kupigapiga miguu, na asubuhi akafa. Je, mtu huyo ana makosa mbele ya Mwenyezi Mungu? Na aliyemuuzia dawa je? Au hayo ni majaaliwa, na paka ni paka tu?

Sisi twaona swali hili si la kuchekwa. Ni swali zito, na uzito wake haukomei kwa paka. Kwa hivyo tutalijibu kwa utaratibu: kwanza tueleze jambo lenyewe lilivyo, kisha tueleze hukumu yake, kisha tueleze la kufanya.

Sote twaijua habari ya yule mwanamke aliyemfunga paka, asimlishe wala asimwache akajitafutia wadudu wa ardhini, hata paka akafa, na mwanamke yule akaadhibiwa kwa ajili yake. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na watoto wetu huifundishwa chuoni kabla hawajajua kuandika vyema. Lakini wengi wetu huisimulia kana kwamba ni onyo kwa wenye roho ngumu peke yao. Twajisemea: sisi hatumfungi paka, sisi twampa mabaki ya samaki, twamwacha alale juu ya mkeka, basi hadithi hii haituhusu. Ndugu zetu, paka huweza kufa kwa mkono uliofumba, na huweza kufa kwa mkono uliofumbuka. Yule wa kwanza alimuua kwa kumnyima. Wa pili humuua kwa kumpa asichokijua. Na kwa paka mwenye kufa, mauti ni mamoja.

Tuanze na mahali penyewe. Voi ni mji ulioinuliwa na reli, nao u njiani baina ya Mombasa na Nairobi, umezungukwa na mbuga za Tsavo, na mashamba ya katani, na malisho makubwa ya ng'ombe. Watu wa pwani walioweka makao yao huko walikuta nchi ya mifugo. Na nchi ya mifugo ni nchi ya kupe na mbung'o, na kwa sababu hiyo ni nchi ya dawa. Madukani Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta huuzwa dawa za kuogeshea ng'ombe, dawa za kummiminia ng'ombe mgongoni, unga wa kuulia wadudu, na dawa za mbwa wa kulinda. Dawa hizo ni neema ya Mwenyezi Mungu kwa mwenye kuzijua. Lakini nyingi katika hizo hazikutengenezewa paka, na paka ndiye mnyama asiyeulizwa habari zake dukani.

Na haja ya kupiga vita viroboto haina shaka. Kiroboto humnyonya paka damu, na akiwa ni mtoto wa paka viroboto wakizidi humkausha hata akafa. Huwauma watoto wetu miguuni wakatoka vipele. Humwambukiza paka tegu, kwa kuwa paka akijilamba humeza kiroboto. Wala tusisahau kwamba milima ya Usambara, ng'ambo ya mpaka wetu upande wa kusini, ilipatwa na tauni wilayani Lushoto tangu mwaka 1980, na tauni ni maradhi yanayoenezwa na viroboto wa panya. Basi mwenye kutaka kuondoa viroboto nyumbani mwake anataka jambo jema, na usafi ni katika dini. Hatumlaumu kwa kutaka kwake. Tunasema naye juu ya njia yake.

Sasa sikilizeni habari ya dawa yenyewe. Mnalijua ua la pareto, linalolimwa huku kwetu Kenya katika nchi za juu, kama Nakuru na Kisii, ambalo unga wake huua wadudu. Wataalamu wa kituo cha Rothamsted huko Uingereza waliigiza sumu ya ua hilo, na mwaka 1973 wakatengeneza dawa yenye nguvu zaidi na isiyoharibiwa upesi na jua. Dawa hiyo ni permethrini. Leo imo katika dawa za kupulizia nyumba, imo katika baadhi ya vyandarua vya mbu, na hospitali humpa mtu mwenye upele malai yake ya kujipaka mwili mzima. Mtu huipaka akapona. Mbwa hudondoshewa shingoni akapona. Kwa ajili hiyo mtu husema: dawa isiyomdhuru mwanangu wala mbwa wangu, itamdhuruje paka?

Hapa ndipo kosa lilipo. Mwenyezi Mungu hakuviumba viumbe vyake kwa kipimo kimoja. Ametuambia katika Sura ya An-aam, aya ya 38, kwamba wanyama wa ardhini na ndege warukao ni umma mfano wetu sisi; na kila umma una maumbile yake. Katika ini la mwanaadamu na ini la mbwa mna nguvu ya kuzigeuza sumu nyingi zikawa kitu chepesi kitokacho kwa mkojo. Paka ni mnyama wa kula nyama tupu tangu asili yake, sawa na yule ndugu yake paka mwitu anayewinda usiku katika vichaka vya Tsavo. Ini lake halina sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Sumu ikimwingia hukaa, ikaishika mishipa ya fahamu, nayo mishipa ikawa haipumziki. Ndipo masikio na uso vikaanza kucheza, mwili ukatetemeka, mate yakatoka, miguu ikayumba, kisha kikaja kifafa, na mwili ukapanda joto kwa mtetemeko huo. Dalili hizo kwa kawaida huanza ndani ya saa chache, lakini huweza kuchelewa hata siku ya pili au ya tatu.

Na mtu asijidanganye kwa kusema: nitampa paka nusu ya ile ya mbwa. Zile dawa za mbwa za kudondoshea huwa na permethrini kwa wingi mno, karibu nusu ya maji yote yaliyomo, na nyingine zaidi ya nusu. Mililita 1 ya dawa kama hiyo, ambayo ni kiasi cha matone 20, ina miligramu 500 za sumu. Kwa paka wa kilo 4 hicho ni kiasi kinachoweza kumuua. Nusu ya sumu kali ni sumu kali.

Wala permethrini si peke yake. Zile dawa za kummiminia ng'ombe mgongoni dhidi ya kupe na mbung'o nyingi ni katika jamaa hiyo hiyo ya pareto, ijapokuwa majina yake ni mengine. Ile amitrazi ya majosho, yenye harufu kali, humlegeza paka, ikapunguza mapigo ya moyo wake na kumpoza mwili. Unga wa kuulia wadudu wa mboga humsumbua pumzi. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari, ambayo watu humpaka mnyama mwenye ukurutu, humchoma ngozi. Na zile dawa za kusafishia choo na sakafu, zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji, ini la paka haliziwezi pia. Kumbukeni ya kwamba paka hana nguo wala hana maji ya kuoga. Chombo chake cha usafi ni ulimi wake. Kila umpakacho mgongoni utamkuta amekimeza kabla ya jua kuchwa.

Na kwa kuwa tumefika hapa, tutaje na jambo la pili linalotokana na sababu hiyo hiyo. Wako watu ambao paka wao akiwa na homa humsagia kidonge cha Panadol. Kidonge kimoja cha miligramu 500, ambacho mwanaadamu hukimeza na kwenda kazini, humuua paka. Ini ni lile lile, na udhaifu ni ule ule. Mwenye kulijua hili ameokoa roho.

Tuje sasa katika hukumu.

Watu watasema: mambo huhukumiwa kwa nia, na nia ya mtu huyu ilikuwa njema. Twasema: ni kweli, na hatumwiti mtu huyu muuaji, wala hatumfananishi na yule mwanamke wa Motoni. Mtu aliyekosea bila ya kukusudia, na bila ya kuzembea, rehema ya Mola wake ni pana. Lakini nia ni sharti ya amali njema, si badala ya elimu. Mtu hasali kuelekea anakotaka akasema nia yangu ni Kibla, na hali ya kuwa yupo wa kumwonyesha naye hakuuliza. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Israi, aya ya 36, tusiyafuate mambo tusiyo na elimu nayo, na akatwambia kwamba masikio na macho na moyo vyote vitaulizwa. Na katika Sura ya An-Nahl, aya ya 43, ametuamrisha tuwaulize wenye kujua ikiwa sisi hatujui. Basi aliye na mtu wa kumuuliza asimuulize, na aliye na karatasi ya dawa mkononi asiisome wala asitafute wa kumsomea, huyo udhuru wake ni mwembamba.

Zaidi ya hayo, iko hadithi iliyopokewa na Abu Daud, na Nasai, na Ibn Maja, inayotufundisha kwamba mwenye kujitia utabibu na hali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, huyo ni mdhamini wa madhara anayoyaleta. Na Imamu wetu Shafii, Mungu amrehemu, ameliweka jambo hili wazi katika kitabu chake cha Al-Umm, na hakulikomesha kwa wanaadamu. Amemtaja mpiga chuku, na mwenye kutahiri mtoto, na mwenye kutibu mnyama, wote pamoja. Maana ya maneno yake ni haya: ikiwa amefanya kama wanavyofanya watu wa kazi hiyo kwa kutaka maslaha, kisha mauti yakatokea, hana dhamana, na ikiwa amefanya yale ambayo watu wa kazi hiyo hawayafanyi, naye ajua, basi dhamana iko juu yake. Tazameni, ndugu zetu. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kabla hakujakuwa na chupa wala karatasi ya dawa, mwanachuoni mkubwa kabisa wa madhehebu yetu alimtengea daktari wa wanyama nafasi yake katika fiqhi. Nasi leo twaona aibu kuuliza habari za paka!

Kwa hivyo jibu letu ni hili. Mwenye paka aliyekosa kwa kutojua, na wala hakuwa na njia ya kujua, hana dhambi, inshallah, na juu yake ni kujifunza asirudie. Aliyezembea, akapewa onyo akalipuuza, au karatasi ilikuwa na picha ya paka iliyopigwa mstari naye asiitazame, huyo amekosa, na yampasa atubie. Na aliyekwisha kujua, kisha akatia dawa ile ile kwa kusema huenda mara hii isimdhuru, huyo amedhulumu kiumbe asiyeweza kwenda kwa kadhi kushitaki.

Wako wengine watakaosema: paka alikufa kwa kijicho, au alipandwa na shetani, ndiyo sababu akarukaruka na kutoka povu. Huyu tunamwambia: sababu iko juu ya shingo ya paka, inanuka, na chupa yake iko mezani. Kumsingizia jini jambo ambalo mkono wako umelifanya ni kukimbia hisabu. Na asemaye ni majaaliwa, tunamwambia: kila kitu ni kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, na kuuliza kabla ya kutenda pia ni kadari yake. Mtu hafungui mlango wa zizi usiku, simba wa Tsavo wakaingia, kisha akasema ni majaaliwa.

Ama muuza dawa, yeye ni mlango wa kwanza, na mlango ukifungwa vyema shari haiingii. Mtume S.A.W. ametufundisha kwamba wauzaji na wanunuzi wakisema kweli na wakabainisha, biashara yao hutiwa baraka, na wakificha na wakisema uongo, baraka hufutwa. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Kubainisha si kueleza bei peke yake. Mtu akija kutaka dawa ya viroboto, haki yake ya kwanza ni kuulizwa: ni ya mnyama gani, ana uzito gani, ana umri gani? Muuzaji asiyejua aseme sijui. Neno hilo halijamfilisi mtu; Imamu Malik, mwalimu wa Imamu Shafii, alijulikana sana kwa kulisema, na cheo chake hakikushuka. Lakini muuzaji anayemimina dawa ya ng'ombe katika chupa ya soda, isiyo na jina wala maelezo, akamuuzia mama mwenye paka kwa shilingi chache, huyo anajua kwamba amekata njia ya elimu kwa mkono wake. Juu yake kuna jambo kubwa, maana leo chupa hiyo itamuua paka, na kesho mtoto ataidhania kinywaji.

Baada ya hukumu, tueleze la kufanya. Kwani kumwambia mtu acha bila ya kumwonyesha njia ni kumwacha kizani.

Kwanza, jueni kwamba viroboto mnaowaona juu ya paka ni sehemu ndogo tu ya viroboto wote. Mayai huanguka, na wana wao hukua katika vumbi la pembe za nyumba, nyuzi za mikeka na mazulia, na matandiko. Kiroboto aliye katika kifuko chake huweza kungoja miezi. Ndiyo sababu nyumba iliyofungwa muda mrefu ikifunguliwa watu huumwa siku hiyo hiyo. Kwa hivyo dawa juu ya paka peke yake, hata ikiwa nzuri, haimalizi kazi. Fagieni kila siku, na mavumbi yatupwe mbali na nyumba. Fueni matandiko anayolalia paka kwa maji ya moto kila wiki. Toeni mikeka na magodoro nje yapate jua, kwani wana wa kiroboto hawastahamili jua wala ukavu, na jua la Voi si la kununua. Na misikiti yetu yenye mazulia na paka wa kuingia na kutoka, hayo yote ni juu ya kamati zake.

Pili, chukueni kichana cha chawa, kile cha meno ya karibu karibu, mkamchane paka kila siku shingoni na juu ya mkia, na kila kiroboto atiwe katika bakuli la maji ya sabuni. Mtoto wa paka ambaye hajatimiza wiki 8, hiyo ndiyo dawa yake, pamoja na kumwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kisha kumkausha upesi asipatwe na baridi.

Tatu, ikiwa lazima iwe dawa, basi iwe dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka, kwa uzito wake na umri wake, na aulizwe daktari wa mifugo. Ziko dawa za kudondoshea ambazo paka huzistahamili, kama zile za fipronili, na imidaklopridi, na selamektini, zikiwa katika kipimo cha paka. Lakini msiangalie jina moja mkaacha mengine, kwa kuwa chupa moja huweza kuchanganya dawa mbili, na ya pili ikawa permethrini. Katika karatasi neno hilo huandikwa permethrin. Asiyejua kusoma amwonyeshe mwanawe wa skuli. Dawa idondoshwe nyuma ya shingo ambapo ulimi haufiki, wala isigawanywe ya mnyama mkubwa kwa wadogo. Na mwenye mbwa na paka nyumba moja, akimtia mbwa dawa ya permethrini awatenge kwa siku 3, maana paka hulala ubavuni mwa mbwa na kumlamba.

Nne, si kila badiliko ni sumu. Paka akitiwa dawa yake iliyo sawa huweza kujikuna pale ilipodondoka, au kutoka mate kidogo kwa uchungu akiilamba, au manyoya ya mahali pale yakapungua. Haya mara nyingi hupita yenyewe. Lakini mtetemeko, kuyumba, kukosa nguvu, kuhema, au kifafa, hayo si ya kungoja asubuhi.

Ikitokea hayo, aoshwe mara moja pale penye dawa kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto wala ya baridi, kwani baridi huizidisha nguvu sumu hiyo. Akaushwe, avikwe kitambaa asijilambe, awekwe mahali pa kiza na utulivu. Asinyweshwe maziwa wala mafuta kwa nguvu. Sumu imo katika ngozi na damu, na mnyama anayetetemeka hupaliwa. Kama ameshashikwa na kifafa, msipoteze wakati kwa kuosha. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo, na chupa ya dawa pamoja naye, kwa sababu daktari akijua sumu hujua tiba. Daktari ana dawa za kutuliza mtetemeko na kifafa, na paka wengi waliofikishwa mapema hupona kwa siku mbili au tatu. Na anayekaa mbali, Kasigau au milimani, apige simu kabla ya kuondoka, apate kuelekezwa. Kumwita daktari kwa ajili ya paka si upuuzi. Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliinamisha chombo cha maji ya udhu wake ili paka anywe, na aliposhangaliwa, akaeleza kwamba Mtume S.A.W. amewahesabu paka kuwa ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu. Anayetuzunguka ana haki ya jirani.

Na kwa walimu wetu wa vyuo tuna neno moja. Mnapowasomesha watoto hadithi ya mwanamke na paka, msiikomeshe kwenye kamba na njaa. Waambieni pia habari ya chupa. Mtoto wa Voi atakuwa mtu mzima katika nchi iliyojaa dawa za kila namna, kuliko babu yake alivyokuwa, na kila dawa ina mlango wake na hatari yake. Akizoea tangu utoto kuuliza, hii ni ya nani, ni kiasi gani, na nani ajuaye, atakuwa salama yeye, na mifugo yake, na watoto wake. Na akizoea kusema ah, paka tu, basi siku moja atasema ah, mtoto ana homa tu, akampa dawa ya mtu mzima.

Ndugu zetu Waislamu, Mwenyezi Mungu ameandika wema juu ya kila kitu, hata juu ya kuchinja, ambako mnyama anakufa kwa ruhusa, tumeamrishwa tunoe kisu na tumpumzishe. Ikiwa wema umelazimishwa katika kumwondoa mnyama duniani, itakuwaje katika kumtibu? Huruma ni nuru ya moyo, lakini mkono wahitaji nuru ya pili, nayo ni elimu. Aliye na moja bila ya nyingine anatembea na taa isiyo na mafuta.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, atufanye wenye kuuliza kabla ya kutenda, na asitufanye sababu ya maumivu ya kiumbe asiyeweza kusema. Amin.

Wabillahi tawfiq.